Kahororo, Ambako Kilima Ndicho Karatasi ya Mtihani

Ukisafiri kwa basi kutoka Mwanza, ukavuka maji kwa daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, ukazipita Sengerema, Geita na Chato, utaona sura ya nchi inaanza kubadilika ukishaingia Wilaya ya Muleba. Nchi inakunjamana. Migongo mirefu ya vilima imelala sambamba, kutoka kusini kwenda kaskazini, kama matuta ya viazi yaliyolimwa na jitu. Kati ya tuta na tuta kuna bonde, mara nyingi lenye majimaji na mafunjo. Pale Muhutwe unainua macho na kuuona ukingo wa uwanda wa juu wa Kamachumu. Pale Kemondo ziwa linakuja karibu. Halafu, baada ya Rwamishenye, barabara inateremka kwa ghafla, nawe unauona mji wa Bukoba umekaa chini, kati ya vilima na maji, na kisiwa cha Musira kikiwa mbele yake kama mlinzi wa mlango.

Sisi tulikuwa akina mama wanne, nasi tulikuwa tunakwenda Kahororo, kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba, inayojulikana na wengi kwa ajili ya shule yake ya sekondari. Hatukuwa na shughuli ya shule. Tulikwenda kumwona mwenzetu, mwalimu mstaafu aliyefundisha Jiografia kwa zaidi ya miaka 30 sehemu mbalimbali za nchi, na sasa amerudi kwao kulea wajukuu na kuangalia kibanja chake. Alitupokea kwa "Nyegera waitu!", akatuwekea kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi ya Wahaya, na kabla chai haijapoa akatuambia kwamba kesho ni Jumamosi, na kila Jumamosi watoto wa jirani huja kwake. "Mtanisaidia kusahihisha," alisema. Tulidhani atatupa madaftari.

Asubuhi walifika watoto 14, wa shule ya msingi na wa sekondari wakichanganyika. Hakuna aliyebeba daftari. Mwalimu alituongoza wote hadi mahali pa wazi juu ya mgongo wa kilima, ambapo ziwa linaonekana upande wa mashariki na mabonde upande wa magharibi. Hapo akamwita kijana mmoja wa kidato cha kwanza na kumwomba atueleze mgongo wa kilima ni nini. Kijana akasimama wima, mikono nyuma, akatupa maana yake kwa Kiingereza safi, neno kwa neno kama lilivyo katika kitabu: ardhi iliyoinuka, ndefu na nyembamba, yenye miteremko pande mbili. Tukampigia makofi. Mwalimu akamwuliza, "Vizuri sana, baba. Sasa nionyeshe mmoja." Kijana akafikiri. Akasema iko mikoani, labda Mbeya.

Alikuwa amesimama juu yake. Nyumba yao iko juu yake. Kila siku anaushuka kwenda shule na kuupanda kurudi nyumbani.

Hatukumcheka, na mwalimu hakuruhusu wenzake wamcheke. Kijana yule hana kosa. Amefundishwa hivyo na amepimwa hivyo, na kwa kipimo hicho anapata alama zote. Tatizo, kama alivyotueleza mwenyeji wetu tukiwa tumekaa kwenye nyasi, ni kwamba mtihani wa maneno hupima maneno. Mtoto anayekumbuka sentensi ya kitabu na mtoto anayeielewa nchi huandika jibu lile lile, na msahihishaji hawezi kuwatofautisha. Mbaya zaidi, yuko mtoto wa tatu, anayeielewa nchi lakini hana ile sentensi, naye hupewa sifuri. Huyu mara nyingi, alisema, ni msichana anayechota maji.

Kwa Bukoba jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mtoto hapa hupita katika lugha tatu. Nyumbani anaongea Kihaya, shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili, na akifika sekondari Jiografia yote inageuka Kiingereza. Kilima ni kile kile, lakini jina lake limebadilika mara tatu. Ndiyo maana mwalimu huyu anapotaka kujua kama mtoto ameelewa, hamwombi kwanza maneno. Anampa kitu cha kufanya. Maneno huja baadaye, kwa lugha yoyote, na mwishoni kabisa ndipo wanatafuta neno la Kiingereza litakalotakiwa kwenye mtihani.

Tuanze na jikoni, maana huko ndiko tulikocheka zaidi. Kila mtoto alipewa nusu ya kiazi kitamu, kimelazwa upande wa bapa chini, kikawa kilima. Hakuna kiazi kilicho sawa pande zote: huku kimeinuka ghafla, huku kinateremka polepole. Mtoto anakikata kwa ulalo vipande vya unene ule ule, vinne au vitano. Anaweka kipande cha chini juu ya karatasi na kukizungushia penseli, kisha cha pili ndani ya alama ya kwanza, na kuendelea hadi kileleni. Akimaliza ana ramani ya kontua ya kilima chake. Mahali mistari imebanana ndipo penye mteremko mkali, na mahali ilipoachana ndipo pa kupitisha njia.

Mpaka hapo ni mchezo tu, na shule nyingi huishia hapo. Kipimo chenyewe kilikuja baadaye. Mwalimu alivipanga tena viazi vyote mezani, vipande vimebebana, akazichanganya karatasi na kumpa kila mtoto karatasi isiyo yake. "Tafuta kilima chako." Hapo utaona nani ameelewa. Binti mmoja wa darasa la sita alizunguka meza mara moja, akaokota kiazi na kusema, "Hiki, kwa sababu kimekunja mgongo upande mmoja." Kijana wetu wa kidato cha kwanza alihangaika sana. Alichukua kiazi kikubwa kwa sababu karatasi yake ilikuwa na mchoro mkubwa. Lakini alipoambiwa aangalie mistari ilipobanana, alinyamaza kidogo, akarudisha kiazi kile na kuchukua cha tatu kutoka mwisho. Ndicho. Furaha yake ilikuwa kubwa kuliko wakati wa yale makofi. (Viazi havikutupwa, akina mama. Vilichemshwa na kuliwa na chai.)

Baadaye mwalimu akaweka juu ya meza vyombo viwili: sinia pana, na mfano mdogo wa mtumbwi wa mti ambao watu wa hapa hukamulia ndizi kupata maji yake matamu. Akauliza, "Ziwa letu ni kipi? Na Tanganyika ni kipi?" Wengi walijua haraka. Ziwa Victoria ni pana mno, kilometa za mraba zaidi ya 68,000, lakini kina chake hakizidi sana meta 80. Tanganyika ni jembamba na refu, na kina chake kinafika meta 1,470. Sinia na mtumbwi. Lakini swali lake la pili ndilo lililogawa watoto: "Nani alilitengeneza sinia, na nani aliuchonga mtumbwi?" Anayejua kwamba Tanganyika limo ndani ya ufa wa ardhi, na kwamba Victoria limekaa kwenye beseni pana kati ya bonde la ufa la mashariki na lile la magharibi, baada ya nchi ya magharibi kuinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikitiririka kwenda huko, huyo ameelewa. Si lazima aseme yote. Mtoto mmoja alilishika sinia lenye maji kidogo, akainua ukingo wake wa magharibi taratibu hadi maji yakarudi nyuma. Hakusema neno. Mwalimu alimpa alama zote, nasi tungempa zaidi.

Swali tunaloliona kuwa bora kuliko yote lilihusu mto Ngono. Mto huu uko nyuma ya vilima, magharibi, na haupo mbali sana na ziwa. Mtu angedhani utakata upande wa mashariki na kuingia ziwani mara moja. Lakini unakwenda kaskazini, ukizuiwa na ile migongo, hadi unaungana na mto Kagera. Na Kagera, uliotoka mbali huko Burundi na Rwanda, ndio unaoingia ziwani, tena ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Uganda. Mwalimu hakuwaeleza watoto haya. Aliwauliza tu: "Matone mawili ya mvua yameanguka juu ya mgongo unaolitenga ziwa na bonde la Ngono, moja upande huu na moja upande ule. Yote mawili yatafika ziwani. Nielezeni safari zao." Wengine walichora kwa kijiti udongoni, wengine walitembea wakiigiza. Mdogo wa darasa la nne alikimbia moja kwa moja kuteremka upande wa mashariki na kupaza sauti, "Nimefika!" Kisha tukasubiri sana mwenzake, ambaye alizunguka nyumba yote, akapita nyuma ya jiko, nyuma ya zizi, akatokea mbele akihema. "Nimepita Uganda," alisema.

Kutoka hapo mazungumzo yalienda kwenye mpaka wenyewe, ambao haukufuata mto Kagera bali unakata moja kwa moja kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na jinsi eneo lililo kati ya mpaka na mto lilivyovamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, naye akadai kwamba mto ndio mpaka. Wakubwa miongoni mwetu tunaikumbuka miezi ile. Watoto waliona wenyewe, bila kuambiwa, kwamba mstari wa ramani na umbo la nchi ni vitu viwili, na kwamba watu wamekufa katikati yake.

Vitendawili navyo vina kazi yake. Kila mtoto hutunga kimoja kuhusu umbo la nchi, na wengine hutegua. Sheria ni moja: kitendawili kikiweza kuteguliwa kwa majibu mawili, mtunzi hapati alama. "Nina mgongo, sina tumbo" kilikataliwa, maana ni kilima na ni mlima na hata tuta la viazi. "Nimezungukwa na wageni pande zote, wala hodi hawapigi" kilikubaliwa: kisiwa. Lakini kilichotufurahisha kuliko vyote kilitungwa na yule binti wa darasa la sita: "Nyumba ya mama iko jirani, nami nazunguka mtaa mzima ndipo niingie." Wote kwa pamoja: Ngono!

Hatutaki msomaji adhani kila ubunifu unafaa. Tumeona shule ambako watoto wote hutengeneza mlima wa volkano kwa udongo, wakapaka rangi nyekundu kileleni, ukutani ikaandikwa "vifaa vya kujifunzia", na wageni wakasifu. Hakuna anayejua mtoto gani alielewa nini, kwa sababu wote wamenakili mfano wa mwalimu. Nchi ya Bukoba haina volkano. Ina mawe ya mchanga ya kale mno, kiasi kwamba wataalamu wa miamba wameuchukua jina la mji huu kuyaita matabaka ya aina hiyo. Kwa maoni yetu, mtoto wa hapa anayeweza kueleza kwa nini maji hupenya mawe hayo, yakakuta tabaka lisilopitisha, na kutokeza ubavuni mwa kilima kama chemchemi, amejua zaidi ya mwenye volkano nzuri ya rangi.

Tukamwuliza mwenyeji wetu kuhusu alama. Mwalimu wa kweli mwenye darasa la watoto 70 hawezi kumsubiri kila mmoja azunguke nyumba. Alikubali. Alisema yeye alipokuwa kazini aligawa darasa makundi, akawapima 10 kila wiki, nao hawakujua ni zamu ya nani. Alama zake zilikuwa tatu tu: moja kwa kulitambua umbo lilipo, moja kwa kueleza lilivyotokea, moja kwa kusema watu wanaishije nalo. Alituambia pia kwamba jambo lenyewe si geni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwisha kusema mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, na mtaala ulioanza Januari 2024 unadai mwanafunzi aonyeshe anachoweza kutenda. "Karatasi zinasema vizuri," alisema. "Lakini mzazi akiletewa ripoti, anauliza nafasi ya ngapi."

Alama ile ya tatu, ya watu wanaishije, ndiyo iliyotufanya tukae hadi jioni. Hapa Bukoba si suala la kupita mtihani peke yake. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huu mchana, watu zaidi ya 15 wakafariki, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibiwa vibaya. Mto Kanoni unaokatiza mjini umefurika mara nyingi na kuingia majumbani. Ziwa lenyewe lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapanda tena mwaka 2020 na mwaka 2024, likameza fukwe na nyumba zilizojengwa karibu mno na maji.

Kwa hiyo mwalimu huwapa watoto karai. Ndani yake wanajenga nchi kwa udongo na mawe: vilima, bonde, kijito, kisiwa. Kisha kila mmoja anapewa punje tano za mahindi, ndizo nyumba zake, azipande anapotaka. Halafu mwalimu anaanza kumimina maji, kikombe kimoja kimoja, na baada ya kila kikombe wanachora alama ukingoni mwa maji. Kabla ya kikombe kinachofuata lazima mtoto aseme ni punje ipi itazama. Baadaye anatikisa karai, na lazima waseme ni mteremko upi utaporomoka. Watoto wa mjini waliweka nyumba zao bondeni, kwa sababu ndiko kwenye duka na barabara. Binti mmoja aliweka punje nne kwenye mteremko wa wastani na moja bondeni. Alipoulizwa kwa nini ile moja, alijibu, "Hiyo ni ya mtu asiye na kiwanja kingine, Bibi." Tulitazamana sisi akina mama. Hakuna alama katika zile tatu ya jibu kama hilo, na mwalimu hakuandika kitu. Aliacha kumimina.

Kazi ya mwisho watoto walipewa kwenda nayo nyumbani: wachore kibanja cha nyumbani kwao. Si picha ya nyumba na jua lenye miale, bali mchoro unaoonyesha mteremko unaelekea wapi, maji ya mvua yanapita wapi, migomba imesimama wapi na kahawa wapi, mpaka uko wapi, na rweya inaanzia wapi. Asiyejua Bukoba ataona ajabu kwamba kijani cha migomba kimekaa kama visiwa ndani ya nyasi za rweya. Udongo wa mawe ya mchanga ni maskini. Kibanja kimetengenezwa na watu, kwa samadi na majani, miaka mingi, na kazi kubwa ya matandazo imefanywa na mikono ya wanawake.

Ndipo mwenyeji wetu akatuambia kwa nini kazi hii anawasimamia zaidi wasichana. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilitoa hukumu katika shauri la Bi. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya baba yake kwa wosia na kuiuza. Ndugu alipinga, kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba ya nchi. Ni zaidi ya miaka 30 sasa, na bado wako wajane wanaofika barazani wakijua shamba lao kwa miguu tu, bila kuweza kulieleza: mpaka unapita upande gani wa mteremko, chemchemi iko ndani au nje. "Msichana aliyewahi kulichora," alisema, "hadanganywi kirahisi."

Msahihishaji wa kazi hiyo si mwalimu. Ni mama wa mtoto, au bibi, asome asisome. Mtoto anamweleza mchoro kwa Kihaya, na mama anasema kweli au si kweli, kisha anaweka alama ya kidole au jina lake.

Kabla hatujaondoka Jumapili mchana, michoro mitano ilikuwa imerudi. Wa yule kijana wa kidato cha kwanza ulikuwa safi, kwa rula, na mgongo wa kilima ameuandika jina lake kwa lugha tatu. Chini yake mama yake alikuwa amemwagiza aandike, kwa mwandiko wa kijana mwenyewe: "Mama anasema umechora njia ya chemchemi imenyooka. Haijanyooka. Inapinda mara mbili kwa sababu ya mteremko, na ndoo ikiwa kichwani unapumzika kwenye kona ya pili."

Mwalimu alimpa alama mbili kati ya tatu, akamrudishia achore upya.